Tupeane uzoefu: Majibu ya MRI ya kichwa yasiyoeleweka

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari zenu. Kichwa kinaniuma tangu mwaka jana, kuanzia nyuma ya macho hadi kisogoni. Dawa za maumivu zinapoza tu. Nimepigwa MRI (ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa), nikakabidhiwa bahasha na sidii. Ripoti inasema kuna "madoa madogo machache kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, si mahususi", yaani hayaonyeshi ugonjwa fulani, halafu inashauri yalinganishwe na hali ya mgonjwa. Daktari aliyeniandikia kipimo yuko likizo. Aliyewahi kupewa karatasi ya namna hii aliishia wapi? Nimesoma mtandaoni hadi nimeshajizika.

Bi Mkubwa:
Pole mwanangu. Mimi niliandikiwa hayohayo. Daktari wa mishipa ya fahamu alinionyesha picha kwenye kompyuta, vidoti vyeupe kama punje za mchele. Akasema vinaonekana kwa wengi umri ukisogea, na zaidi kwa wenye presha, kisukari, wavuta sigara na wenye kipanda uso. Hakuhesabu tu, aliangalia vimekaa wapi na vina umbo gani. Kisha akaacha picha, akanipima mimi: nisukume mkono wake, nitembee kisigino kikigusa kidole, nyundo magotini, taa machoni. Kwangu ilikuwa kipanda uso, na presha ambayo sikujua kama ninayo. Picha ya baadaye haikuwa na jipya.

Kaka Mtu:
Kwetu ilikuwa kinyume. Mdogo wangu alipigwa CT scan (picha za kichwa za eksirei), ikatoka safi, akaambiwa hana kitu. CT ni nzuri kwa damu iliyovuja, ila ile ya kawaida inaweza kukosa damu iliyoganda kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Yeye kichwa kilizidi akilala, na akiinuka macho yanaingia giza sekunde chache. Daktari wa macho ndiye aliyegundua neva nyuma ya jicho imevimba. Ikafuata MRI ya ubongo na mishipa: hakuna mgando, ila tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, ilikuwa imebonyezwa ikawa bapa. Wakapima maji ya mgongo, yaleyale yanayozunguka ubongo, msukumo wa hayo maji uko juu. Sasa yuko kwenye dawa.

Mpita Njia:
Mimi walinikuta na kifuko cha maji ubongoni. Nikaandika wosia. Kumbe kinaelekea nilizaliwa nacho, na hakihusiani na maumivu. Mashine hizi zikikutazama hazikosi la kusema.

Mdau wa wodini:
Mleta mada, daktari mpya mpelekee sidii yenyewe pamoja na picha za zamani kama zipo, siyo karatasi tu. Andika kinauma saa ngapi, ukilala au ukisimama kinakuwaje, na dawa unameza siku ngapi kwa mwezi. Hilo la mwisho watu hulificha! Vidonge vya kawaida vya maumivu, ukivimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi 3, vyenyewe vinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Ila usiache ghafla bila kuongea na daktari. Na kichwa kikikupiga ghafla kwa nguvu usiyowahi kuiona, au kikija na homa na shingo ngumu, degedege, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hiyo ni dharura. Hakuna cha kusubiri ripoti.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana. Kaka Mtu, hilo la macho kuingia giza mtu akiinuka… linanitokea, hasa asubuhi. Nilidhani ni njaa. Daktari hakuniuliza na mimi sikusema.

Mdau wa wodini:
Basi usingoje aliye likizo. Nenda leo, sema hilo la macho kwanza kabla ya kutoa bahasha, na uombe watazame nyuma ya jicho.

Mwanzisha mada:
Nakwenda, shemeji ananipeleka. Wakishanitazama nitaleta mrejesho hapa.