Naomba ushauri: kijana anahesabu kama kasuku lakini namba hazimwingii

Wazazi na walimu wa hapa nisaidieni. Kijana wangu yuko gredi 2 hapa Kisumu, atakuimbia moja hadi mia bila kukwama, lakini mwekee vifuniko vya soda 8 kwa meza uongeze 3, anarudi kuanza moja tena badala ya kuendelea tisa, kumi, kumi na moja. Na ukivitawanya tu anadhani vimeongezeka! Nimejaribu maharagwe, nimejaribu trei ya mayai aone kumi ni tano na tano, kesho yake ashasahau. Mwalimu anasema nimjazie hesabu kwa daftari, mimi naona ni kumchosha tu. Jumamosi huwa naye soko la Kibuye nikiuza nyanya, mafungu ya tano tano anapanga poa, chenji ndio balaa. Wenu mliwaanzisha na mchezo gani?