Vitamini D 42 kwa mzee mwenye kisukari: iko sawa au imepungua?

Kijana wa Mikindani:
Wakuu, mzee ana miaka 68, ana kisukari aina ya pili, anatumia metformini (dawa ya sukari) ya miligramu 500 asubuhi na jioni. Sukari ya kufunga inacheza 7.8 hadi 8.5. Kapimwa vitamini D, karatasi inasema 42. Mmoja kasema yuko vizuri kwa kuwa kawaida ni kuanzia 30. Mwingine kasema anywe vidonge vya vitamini D vya uniti 50,000, sukari itashuka yenyewe. Nani mkweli? Na kwa jua letu hili la Mtwara, inapunguaje?

Maabara Kusini:
Mkuu, soma kipimo kilichoandikwa pembeni ya hiyo 42. Ikiwa ni ng/ml, hana shida. Ikiwa ni nmol/L, gawanya kwa 2.5: unapata 16.8, na chini ya 20 ndiyo upungufu. Watu husoma namba ya kipimo kimoja kwenye jedwali la kingine.

Kuhusu jua: ngozi ya mtu wa miaka 70 hutengeneza kama robo tu ya ile ya kijana, na ngozi nyeusi huchukua muda zaidi. Hapo ongeza kanzu, kofia na kushinda barazani. Jua la saa moja asubuhi ni la kuota tu. Linalofaa ni lile ambalo kivuli chako ni kifupi kuliko kimo chako. Akunje mikono ya shati, ila viatu asivue! Mwenye ganzi ya miguu huungua mchangani asijue.

Mfamasia wa Lindi:
Sukari haitashuka yenyewe. Utafiti wa D2d wa Marekani, 2019, uliwapa watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari uniti 4,000 za vitamini D kwa siku au kidonge kitupu kisicho na dawa. Waliopata kisukari ni 293 kwa waliomeza vitamini, na 323 kwa waliomeza kidonge kitupu. Tofauti ndogo mno kuithibitisha. Na hao hata hawakuwa wagonjwa bado. Metformini isiguswe.

Kidonge cha 50,000 ni cha mara moja kwa WIKI, kwa kawaida wiki 8, kwa maelekezo ya daktari. Akila kila siku, kalsiamu hupanda: kiu, kukojoa usiku kucha, choo kigumu. Nyumbani mtadhani ni sukari, mtaongeza dawa, kumbe figo ndiyo inaumia. Ameze pamoja na mlo wenye mafuta, hata samaki wa nazi, maana vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta.

Kijana wa Mikindani:
Nimeangalia, ni nmol/L. Presha anatumia hydrochlorothiazide.

Mfamasia wa Lindi:
Basi asianze bado. Dawa hiyo ya presha huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Apimwe kwanza kreatinini (kipimo cha figo) na kalsiamu, na karatasi zote mbili zifike kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa ya presha.