Mapagale Dodoma: tukifyeka tunaitwa wavamizi, tukiacha tunapigwa faini

Wakuu, heshima mbele. Niko Dodoma mjini, mtaa siutaji maana humu tunajuana.

Mbele ya nyumba yangu kuna pagale, nyumba iliyoachwa bila kumalizwa. Liliishia kwenye renta, lile zege la juu ya madirisha, nondo zimechomoza juu zimeshika kutu, vyumba vyote vimejaa mbigiri. Kwa nyuma kuna shimo la choo lililojengewa tofali vizuri kabisa, ila halina mfuniko. Kiangazi ni jalala na kijiwe cha wavuta bangi. Mvua za Desemba zikianza shimo linajaa, majani yanatanda juu ya maji, mtoto akipita anadhani ni ardhi. Mbuzi wa jirani alitumbukia humo. Tulimvuta kwa kamba akiwa ameshakufa.

Baada ya hapo mjumbe akaitisha kikao. Watu wakachanga, wenye mapanga wakaja na mapanga, mama ntilie wa kona akatoa chai bure. Tukafyeka, tukanunua mabanzi, tukaziba shimo. Wiki haijaisha ikasimama gari, akashuka bwana anayejiita msimamizi wa mwenye kiwanja. Pole hakuna, asante hakuna. Anauliza nani katuruhusu kuingia eneo la mtu, na kwamba atatupeleka polisi kwa uvamizi. Halafu akayapakia mabanzi yetu, tuliyoyanunua sisi, akaondoka nayo! Shimo liko wazi hadi ninavyoandika hapa.

Tukaenda ofisi husika. Jibu: mwenye eneo yuko nje ya mkoa, ameshapewa taarifa, tusubiri. Sawa, tunasubiri. Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wa usafi wakapita, mama mmoja mjane akaandikiwa faini kwa majani yaliyoziba mfereji mbele ya geti lake. Majani yametoka wapi? Pagaleni! Yaani anayeonekana ndiye anayeadhibiwa, aliyejificha ana amani.

Na msiniambie hakuna sheria. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, wewe unapewa milki kwa masharti. Sharti la kawaida kwenye hati za mjini ni kuendeleza ndani ya miezi 36. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu anayevunja masharti kupewa notisi, na akikaidi milki inaweza kufutwa. Mji huu wenyewe ulipangwa na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973, mwaka 2017 ikavunjwa na kazi zake zikaenda manispaa, ambayo 2018 ikawa jiji. Mafaili yapo. Majina yapo. Mtu anaijua namba ya kiwanja na anajua pango la ardhi limelipwa au halijalipwa.

Kinachoendelea wote tunakijua. Serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016, viwanja vikawa dili. Mtu yuko zake Dar, kanunua, kapandisha tofali hadi renta ionekane kaendeleza, sasa anasubiri bei ipande. Kodi ya jengo sisi tunakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme, kila mwezi tangu 2021. Pagale halina mita, utamkata wapi? Na ulinzi tunamfanyia sisi, bure.

Najua si wote wajanja. Wengine ni mirathi ndugu wanavutana, wengine mfuko umekauka katikati ya ujenzi, na hilo linaweza kumpata yeyote. Sijasema wanyang'anywe. Mtu wa namna hiyo aje aongee na mtaa, atuachie tufyeke, tuzibe shimo, hata tupande alizeti mpaka atakapojipanga. Wapo wanaofanya hivyo na tunaelewana nao vizuri tu.

Ninachodai ni hiki: mtaa uruhusiwe kwa maandishi kufyeka na kuziba hatari mwenyewe asipojitokeza baada ya notisi, na gharama ziandikwe kwenye faili la kiwanja, azilipe kabla hajauza. Atakuja mbio mwenyewe, maana mtu wa hivi lazima siku moja atauza. Na mtendaji abandike orodha ya viwanja hivyo ubaoni, namba tu zinatosha.

Kama kuna mwanasheria humu anijibu moja: safari hii tukilifunika lile shimo kwa zege badala ya mabanzi, tutashtakiwa kwa kosa gani? Maana mifuko ya saruji tumeshaanza kuichangia.