Tekken: unamtumia nani, na anakulazimisha kuchezaje? Tupeane uzoefu

Ngwala Mbili

Wakuu, heshima kwenu. Huu si uzi wa nani mkali kuliko nani. Huo ulishaanzishwa mara nyingi na kila mara unaishia kwa matusi. Ninachotaka ni kila mtu aseme kwenye huu mchezo wa video wa kupigana anamtumia mhusika gani, huyo mtu anamfanya acheze vipi, na kama aliwahi kumbadilisha, mkono ulihisi nini. Toleo lolote: la 3 kwenye ile PlayStation ya kijivu, Tekken Tag ya PS2, au hili la 8 lililotoka 2024.

Naanza mwenyewe. Mimi ni Paul Phoenix tangu Tekken 3. Wengi wanamwona Paul ni mtu wa pupa kwa sababu ya lile konde lake zito. Konde hilo linatoka kwa kuzungusha mishale kutoka chini kwenda mbele kisha kitufe cha pembetatu. Lakini Paul ana ngwala pia. Hapo ndipo Paul anapoishi. Mpinzani akikinga kwa kusimama, ngwala inamwangusha. Akichuchumaa kuisubiri ngwala, konde linamkuta kifuani, maana linapiga katikati na aliyechuchumaa halimpiti juu.

Sasa tatizo: konde hilo likikingwa, Paul anabaki ameduwaa, na mtu anayejua anakuadhibu anavyotaka. Kwa hiyo Paul wa kweli hapigi ovyo. Anasogea, anarudi nyuma, anangoja wewe upige hewani. Mechi nzima anaweza kulitoa konde mara chache tu, na hizo chache zinatosha kumaliza damu yako (ule mstari wa uhai juu ya skrini).

Karibuni.

Pedi Mbovu

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni Eddy Gordo, na najua mnavyotuchukia.

Kwenye banda letu la gemu Ilala utaratibu ulikuwa mshindi anabaki, aliyepigwa anatoa pedi (kile kidude cha vitufe) na kulipa tena. Mtoto akija mara ya kwanza anamchagua Eddy, anaanza kufinya X na duara, vitufe vya mateke, bila mpangilio, anamtoa mtu mzima aliyekuwa ameshikilia pedi tangu asubuhi. Ikafika mahali mwenye banda akabandika karatasi ukutani: EDDY HARUHUSIWI. Si kwa sababu za kimichezo. Watu walikuwa wanataka kurudishiwa hela.

Halafu akaja kaka mmoja, mgeni mtaani, akasema mwacheni huyo Eddy achezwe. Akachukua Jin, akakaa chini ya kila teke. Eddy akilala anapiga miguu, jamaa amechuchumaa anakinga. Teke la chini likishakingwa, anaruka na teke lake la kupaa, Eddy yuko hewani, kombo (mapigo mfululizo). Akawapiga wote waliopanga foleni. Tulikuwa hatujui kitu kimoja tu, kwamba mishale ya nyuma na chini kwa pamoja inakinga mateke ya chini. Mtaa mzima! Tulikuwa tunakinga kwa kusimama kila kitu, halafu tunasema Eddy kapendelewa.

Tangu hapo karatasi ikabaki ukutani lakini hakuna aliyeijali, maana Eddy wa kufinya alikuwa hashindi tena. Na mimi ndipo nikaanza kumjifunza Eddy mwenyewe. Ukimcheza kwa akili ni mtu wa kubadili mikao: amesimama, amejilaza, amesimama kwa mikono. Akiwa kichwa chini miguu juu hawezi kukinga kama kawaida, kwa hiyo kila ukiingia kwenye mkao huo umeweka dau. Unaingia pale ambapo mwenzako ameshaogopa kubonyeza. Kama hajaogopa, ngumi moja nyepesi inakutoa.

Ndiyo maana mtu akiniambia Eddy ni rahisi, namuuliza kwanza: rahisi dhidi ya nani?

Bibi wa Mieleka

Nimecheka hapo kwenye kurudishiwa hela 😂

Mimi dada wa Tanga, King. Niwaambie ukweli kwa nini King. Nikienda bandani na kaka zangu, pedi nzuri wanashika wao. Mimi napewa ile ambayo X inaganda, ukiibonyeza hairudi juu mpaka uikwangue kwa kucha. Sasa King ana mikamato ya mraba na X, na ana ya pembetatu na duara. Ya kwanza nikaisahau kabisa, nikaishi na ya pili pamoja na ile ya kuanzia na mishale. Nilivyokuja kushika pedi nzima, vidole vilishazoea.

King ni kinyume cha Eddy. Eddy anakupiga kwa sababu hujui cha kukinga, King anakupiga kwa sababu umekinga. Mkamato haujali kwamba umeshikilia mishale nyuma. Kwa hiyo mtu muoga, anayekaa anakinga tu, ni chakula cha King. Nasogea, namkamata, namgeuza, namvunja mgongo, na kama hajui kujinasua katikati ya mnyororo namalizia na ule mzunguko mrefu ambao banda zima linahesabu.

Wengi walikuwa hawajui kwamba unaweza kujinasua. Angalia mikono ya King anapokuja. Mkono wa kushoto ukitangulia, bonyeza mraba. Wa kulia ukitangulia, pembetatu. Yote miwili kwa pamoja, bonyeza vyote viwili. Au chuchumaa kabla hajafika, mikamato mingi inakupita juu. Lakini hapo nakungoja, ukichuchumaa nina goti la kukuinulia.

Kaka yangu mkubwa alipojua siri ya mikono alikuwa hatazami tena sura ya King, anatazama viganja. Ikabidi nianze kucheza na macho yake.

Mie wa Old Town

Assalam alaykum ndugu zangu, mie Mombasa. Wangu ni Hwoarang, yule wa taekwondo.

Hwoarang utamu wake hakuachii nafasi ya kufikiri. Teke la kushoto, la kushoto, la kulia, asita kidogo, la kulia tena. Mwenzio hajui lini mpangilio umekwisha, akidhani zamu yake imefika akanyoosha mkono, akutana na wayo. Kisha kuna ule mkao wa kuinua mguu mmoja. Hapo ndipo mateke yabadilika yote, na yategemea ni mguu gani uko juu.

Mashaka yake ni kuwa akiwa kwenye mguu mmoja hana kinga. Sifuri. Mtu mtulivu akikupiga ngumi ya haraka hapo, mbwembwe zote zaanguka. Mie nacheza na rafiki yangu mvuvi, mtu asiye na haraka na lolote duniani, na huyo ndiye anipiga sana. Vijana wa mbio mbio hawaniwezi. Yeye akaa, akinga, akinga, angoja mguu uinuke, tap. Moja tu. Aninyima raha kabisa.

Kisu cha Jioni

Yoshimitsu. Nikiona damu imekaribia kuisha najichoma upanga tumboni. Ukinikaribia twende wote.

Ngwala Mbili

@Kisu cha Jioni Hahaha, wewe na wenzako ndio mnaofanya mtu avunje pedi. Umesahau kusema Yoshimitsu akizunguka sana anapata kizunguzungu mwenyewe anaanguka. Yule mtu sijawahi kujua kama anacheza au anatania.

Kisu cha Jioni

Mkuu, na wewe hujui. Ndiyo staili yenyewe.

Mtu wa Ruwi

Wakuu, niko Muscat. Huku nilikuta watu wanacheza Tekken 7, na nikakuta Wapakistani. Naomba nieleze taratibu maana hapa nilijifunza upya.

Nilitoka nyumbani nikiwa Heihachi wa Tekken 3, nikijiona mtu. Usiku baada ya kazi tunakusanyika chumbani kwa jamaa wa Lahore, na hao Tekken kwao si mchezo wa kupotezea muda. Mwaka 2019 Arslan Ash, kijana wa kwao Lahore, alishinda Evo Japan, mashindano makubwa ya michezo ya kupigana, kisha akaenda Las Vegas akachukua na Evo yenyewe, mbele ya Wakorea ambao dunia nzima ilikuwa inawaogopa. Wale jamaa chumbani hawakushangaa. Walisema kwao wako wengi.

Nikamchukua Kazuya, kwa kuwa yeye na Heihachi ni familia moja ya Mishima, damu moja. Kazuya ana konde la umeme: mbele, achia mishale, chini, kisha chini-mbele na pembetatu, na hivyo viwili vya mwisho vinatakiwa vidondoke kwenye fremu moja, yaani picha moja ya skrini. Mchezo unakwenda fremu 60 kwa sekunde, sasa piga hesabu. Ukiwahi au ukichelewa linatoka konde la kawaida lisilo na umeme, na likikingwa unaadhibiwa. Ukilipata, hata likikingwa bado zamu ni yako.

Nimesoma alichoandika mwenye uzi kuhusu Paul: ngwala au konde, simama au chuchumaa. Kazuya ana swali hilohilo. Anakimbia kwa kuinama, halafu ama ngwala ya kuzunguka, ama pigo la katikati linalokurusha. Tofauti ni bei. Paul anakupa swali hilo bure siku ya kwanza. Kazuya anakutoza vidole miezi mingi, kisha anakupa na ule umeme juu yake. Ila umeme ni pigo la juu, mtu akichuchumaa kwa wakati unapita kichwani, na jamaa wa Lahore walikuwa wanachuchumaa kwa wakati kila siku ya Mungu.

Kitu nilichoona kwao ni kwamba hawaulizani unamtumia nani. Wanauliza umekingwa ukafanya nini. Wao wanajua kila pigo la kila mtu likikingwa nani anaanza. Ngumi nyepesi ya kawaida inatoka kwa fremu 10, kwa hiyo pigo lolote likikingwa na kukuacha nyuma kwa fremu 10 au zaidi, ngumi yao imeshafika. Mtu wa staili ya fujo akikutana na watu wa hesabu hiyo, fujo inaisha raundi ya kwanza.

Lei Aliyelala

Mimi nipingane kidogo na Mtu wa Ruwi. Hesabu sawa, lakini toleo nalo linabadilisha staili ya mtu wakati yeye bado yuleyule. Tekken 4 ilipoleta kuta, watu wa kusukuma walineemeka, sisi wa kurudi nyuma tukabanwa kwenye kona. Tekken 8 imeleta Heat, hali ya nguvu za ziada kwa muda mfupi, na ukiwa umekinga mtu aliye kwenye Heat bado damu inachubuka. Mtu wa kungoja kama huyo mvuvi wa Mombasa, kwenye 8 kungoja kunamgharimu.

Nami wangu Lei Wulong, wa kulala chini na kujifanya mlevi, kwenye orodha ya mwanzo ya 8 hakuwemo kabisa. Nimehamia kwa Bryan Fury. Mzito, hana papara, ukipiga hewani mbele yake umekwisha. Ni staili tofauti kabisa, na nilichobaki nacho kutoka kwa Lei ni tabia mbaya ya kugeuza mgongo.

Mie wa Old Town

Rafiki yangu mvuvi nimemsomea hii. Asema hanunui PS5, kwa hiyo hapana shida.

Dogo wa Shifti

Kaka zangu, mimi ndio naanza na nimenunua la 8. Nianze na nani? Kila mtu hapa anasema wake.

Bibi wa Mieleka

Mdogo wangu, anza na Paul au Jin. Usianze na King, utajenga uvivu wa kusubiri watu waoga, na ukipanda madaraja hawapo. Na ile staili ya vitufe rahisi iliyomo kwenye 8 itumie kuona kombo zinafananaje, kisha izime.

Pedi Mbovu

Dogo, mimi nakupa njia nyingine, ya shida. Kama utapata Tekken 3 popote, cheza Mokujin, yule gogo la mti. Kila raundi anachukua staili ya mtu mwingine na hakuambii ya nani. Unamtambua kwa anavyosimama: akiyumbayumba ni Eddy, akirukaruka kwa vidole ni Hwoarang, akitanua mikono kama mtu anayetafuta wa kukumbatia, huyo King. Mimi sekunde za kwanza za raundi huwa nakinga tu mpaka nijue ni nani, na wanaonijua wananiwahi palepale.