Rebecca ya 1940: yule dada mbona hana jina?

Jamani wapenzi wa muvi za zamani, jana nimeicheki Rebecca ya mwongozaji Hitchcock mpaka mwisho nikisubiri tu wataje jina la yule binti anayechezwa na Joan Fontaine, wapi! Ni makusudi?

— Makusudi kabisa, hata kwenye kitabu muvi ilikotolewa hana. Marehemu Rebecca, mke wa kwanza, ndo kajaa nyumba nzima, herufi R kwenye daftari la anwani, R mpaka kwenye foronya, huyu aliye hai anaitwa tu Bi de Winter, na hicho cheo nacho kakirithi.

— Mi iliniua pale anapovunja kisanamu cha kauri halafu anaficha vipande kwenye droo, akasingiziwa mtumishi kuiba. Na yeye ndo mama mwenye nyumba! Danvers, yule msimamizi wa watumishi, alijua kumnyanyasa bila hata kupaza sauti.

— Asiyeiona aruke hapa. Maxim, yule mume, kwenye kitabu alimpiga Rebecca risasi, kwenye muvi ikageuzwa ajali, kaanguka akagonga kichwa, maana sheria za udhibiti za Hollywood enzi zile hazikuruhusu muuaji apone hivihivi. Ndo maana mnamwonea huruma.

— Huruma gani, mwanaume mwenyewe anaposa kama anatoa oda!