Naombeni ushauri: kipande cha chuma kinachodaiwa kutoka angani

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nafundisha fizikia hapa Mbalizi, Mbeya. Mwanafunzi wangu kaleta kipande cha chuma kilichoibuliwa na jembe, na mtaani wanasema kimetoka kwenye chombo cha viumbe wa angani. Sitaki kumvunja moyo, nataka ajifunze kupima.

Sumaku inakishika. Tumekizamisha kwenye maji tukapata densiti 7.1 (gramu kwa sentimita ya ujazo), wakati chuma cha kimondo, kama kile cha Mbozi chenye nikeli karibu asilimia 9, hufika 7.8 hivi. Tulipokipiga tupa kilitoa unga mweusi, ukachafua vidole kama penseli. Nahisi ni chuma cha kalibu tu (kile cha kumiminwa, chenye kaboni nyingi kama ya penseli), pengine cha mashine ya kusaga.

Vijana wananibana na vipande vya Ubatuba, Brazil, vya 1957, vinavyodaiwa kutoka kwenye chombo cha angani. Hivyo navyo vilisifiwa kuwa magnesiamu safi isiyopatikana duniani, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipovipima, magnesiamu ya kiwandani ilivizidi kwa usafi.

Nikeli naipimaje kwa vifaa vya maabara ya shule? Na ikipatikana, nitajuaje kama si ya vipuri vya gari?