Bamba la bronzi kwenye mnara wa askari: limau na chumvi, ndiyo au hapana?

Kampemba_12:
Jambo wandugu. Tumepewa kusafisha mnara wa Force Publique (jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji), kwenye majani ya mbele ya tribinali, mji mdogo nje ya Lubumbashi. Bamba limeandikwa mapigano yake: TABORA 1916 na SAÏO 1941. Herufi zimejaa kijani, jiwe jeupe chini lina michirizi. Fundi mmoja anataka limau na chumvi, kisha msasa. Tumruhusu?

Fundi_Katuba:
Hapana. Limau lenyewe ni baya, lakini chumvi ndiyo inaua. Inaingia kwenye vitundu vya bronzi, ikipata unyevu inakula shaba pole pole. Utaona unga wa kijani chepesi. Unaufuta leo, baada ya muda umerudi palepale. Kijani kile kigumu, kilichoshika, ni ngozi ya bamba: kiache. Msasa utakula herufi.

Chukua ndoo ya lita 10, kijiko kimoja cha sabuni laini isiyo na javeli (dawa ya kung'arisha nguo), brosi ya nailoni. Jiwe lioshe kuanzia chini kupanda juu, maana maji machafu yakishuka kwenye jiwe kavu yanachora michirizi mipya. Suuza mpaka povu liishe. Fanya Juni au Julai. Nta ikipakwa juu ya unyevu wa Novemba inageuka nyeupe. Bamba likipata joto la jua la saa sita, paka nta safi nyembamba, ngoja dakika 20, sugua kwa kitambaa. Rudia kila mwaka kabla ya mvua.

Ruashi_Mawe:
Kabla ya maji angalia skrubu. Zikiwa za chuma, kutu inavimba na kupasua jiwe kuanzia tundu lenyewe. Weka za inoksi (chuma kisichoshika kutu) au bronzi. Ufa usizibe kwa sima (saruji) tupu: ni ngumu kuliko jiwe, inafunga maji ndani, jiwe linabanduka. Tumia chokaa 1, mchanga 3. Asidi ya betri msiisogeze hata karibu.

Kampemba_12:
Asante wakubwa. Na wapagazi waliobebea jeshi mizigo? Kuna wanaotaka tuchonge jina lao kwenye nafasi iliyobaki chini ya bamba.

Ruashi_Mawe:
Bamba la zamani msiliguse. Tengenezeni dogo jipya, kando, kwenye nguzo yake. Ni haki yao: bila mizigo ile vichwani, hakuna jeshi lingefika Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Na kabla ya yote, bandika karatasi juu ya herufi za zamani, pitisha penseli kwa ubavu, mtunze nakala.